Nishushe Kwa Nyevu

"Wapi, mama?"
"Kwa Nyevu."
Kijana anakubali kwa kichwa,
anawasha tuktuk yake kama anayekwaruza kiberiti kilicholowa.
Hamsini ukiwa peke yako. Akipatikana wa pili, thelathini.
Basi tunalizunguka soko la zamani tukimsaka wa pili,
mara ya kwanza, mara ya pili,
na wauza miwani wameshaanza kutuamkia.

Zamani hapa palipita basi moja, jina lake Subira,
rangi ya ugoro, taa moja, ya kushoto,
na Kitsao mlangoni,
mguu mmoja ndani,
mguu wa pili mali ya barabara.
Vibao vya vituo havikuwapo. Kituo kilikuwa koo la Kitsao:
"Nyota Saba!"
wakashuka makarani, bia ya chupa, deni la daftari.
"Kwa Ngumbao!"
wakashuka wa kiwanda cha pamba, nyuzi kwenye nyusi,
wazee kabla ya wakati.
"Kwa Nyevu!"
hapo akashuka dereva.

Hakuzima injini. Stata ilikufa mwaka wa mafuriko,
na aliyeizima Subira angeisukuma yeye.
Ikabaki inatetemeka nje ya ua wetu wa makuti,
na abiria ndani wanatetemeka nayo:
kuku, gunia la korosho,
mwalimu mgeni aliyeuliza kila mtu saa ngapi tunaondoka
na kila mtu akamwonyesha mrija.
"Mmoja tu," alisema Mwachiro,
naye mama alikuwa ameshamwekea boko,
maana aliijua kiu ya kila mwanamume mjini
kama mshona nguo anavyojua viuno.

Mimi nilipita madirishani na karai la viazi.
Dereva akinywa taratibu, nilimaliza karai.
Dereva akiwa na haraka, nilirudi nalo.
Karo yangu ya darasa la sita, la saba na la nane
ilitoka katika kiu ya mtu mmoja.
Siyasemi haya kwa kujivuna.
Siyasemi kwa kutubu pia.

Usiku mmoja Subira haikukata kona ya Barani.
Hakufa mtu.
Alikufa mbuzi wa harusi,
na mguu wa Kitsao, ule wa nje.
Barabara ilichukua chake.
Mama alifunga ua siku arubaini.
Siku ya arubaini na moja walikuwa wamepanga foleni,
na wa kwanza kwenye foleni, juu ya magongo mapya,
alikuwa Kitsao.
Alimkunywesha bure mpaka alipokufa.
Sijui ni nani kati yao aliyekufa akidai.

Tumempata wa pili: msichana mwenye sare ya hoteli,
anapaka midomo rangi kwa kioo cha simu,
na kwenye matuta hakosei.
"Huyu Nyevu," namuuliza kijana, "alikuwa nani?"
Anacheka. "Si mtu, mama. Ni Kitaliano.
*Neve*. Maana yake barafu.
Palikuwa na duka la aiskrimu, la mzungu mmoja."
Msichana anaongeza: "Ya ukwaju ndiyo ilikuwa tamu. Bibi yangu aliila."

Nafungua mdomo.
Namwona mama, kanga kifuani, jasho shingoni,
akigawa barafu kwa makarani na watu wa pamba.
Naufunga.

Ua hakuna. Pana famasi, pana kibanda cha kutumia pesa,
na kanisa lenye viti vya plastiki
ambalo wiki nzima linahubiri dhidi ya pombe
bila kujua limeinamia nini.
Natoa thelathini. Kijana hana haraka;
anasubiri ujumbe uingie,
anageuza ufunguo,
anazima injini.

Nimesimama hapa miaka yangu yote ya utoto
na kimya hiki
sijawahi kukisikia.